Kisukari na UVIKO-19: Vita iliyopiganwa ndani ya mishipa ya damu

Na Mwandishi Wetu

UGONJWA wa UVIKO-19 ulipozuka nchini China mwishoni mwa mwaka 2019, madaktari waliupokea kama homa kali ya mapafu. Miezi michache baadaye walibaini kuwa wagonjwa wengi waliokuwa wakifariki dunia hawakuuawa na mapafu peke yake, bali pia na damu iliyoganda ndani ya mishipa yao.

Miongoni mwa walioumia zaidi walikuwa watu wenye kisukari. Mwezi Novemba 2021, Ofisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika ilitoa uchambuzi wa takwimu za nchi 13 za bara hili, ulioonyesha kuwa asilimia 10.2 ya wagonjwa wa kisukari waliothibitika kupata UVIKO-19 walifariki dunia. Kwa wagonjwa wote wa UVIKO-19 kwa jumla, kiwango kilikuwa asilimia 2.5.

Kwa lugha nyepesi, katika kila wagonjwa 100 wa kisukari waliopimwa na kukutwa na kirusi hicho, kumi walipoteza maisha, wakati kwa jumla ya wagonjwa wote waliofariki walikuwa wawili au watatu katika kila 100.

Mei 5, 2023, WHO ilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Barakoa zikavuliwa na ndoo za kunawia mikono zikaondolewa milangoni mwa maduka na ofisi. Lakini kirusi chenyewe hakikuondoka duniani, na kisukari kinazidi kuongezeka mijini mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana swali la kwa nini damu ya wagonjwa hao iliganda si la historia. Jibu lake linamhusu kila mkazi wa mji anayeishi na kisukari, akiwamo yule ambaye bado hajajua kuwa anacho.

Damu huganda vipi?

Kuganda kwa damu kwenyewe si ugonjwa. Ni kinga ambayo binadamu amejaliwa. Mtu anapojikata kwa kisu jikoni, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia kwenye jeraha na kushikamana. Kisha nyuzi za protini iitwayo fibrini husukwa juu yake mithili ya wavu wa mvuvi, na damu hukoma kutoka. Jeraha likipona, mwili wenyewe huuyeyusha wavu huo.

Hatari huja pale bonge la damu linapojengeka ndani ya mshipa usio na jeraha la nje. Likiziba mshipa wa ubongo, huleta kiharusi. Likiziba mshipa wa moyo, huleta shambulio la moyo. Likijengeka mguuni, kipande chake kinaweza kumeguka na kusafiri na damu hadi kwenye mapafu, na mtu akafariki dunia ghafla.

Katikati ya karne ya 19, daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alichunguza kwa kina mabonge ya aina hiyo. Kutokana na kazi yake, vyuo vya udaktari hadi leo hufundisha sababu tatu za damu kuganda mahali pasipostahili: damu kwenda polepole mno, ukuta wa mshipa kuharibika, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda kupita kiasi.

Sababu moja kati ya hizo yatosha kuleta madhara. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyelazwa kwa UVIKO-19, zote tatu hukutana kitandani.

Sukari inavyoandaa uwanja

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando mwembamba mno unaogusana na damu saa zote. Utando huo ukiwa na afya, hutoa kemikali zinazoizuia damu isishikamane na kuufanya mshipa utanuke pale mwili unapohitaji damu zaidi.

Sukari inapokuwa juu kwa miezi na miaka, utando huo huchakaa. Hupungukiwa na uwezo wa kuutanua mshipa, na mahali palipokuwa laini huwa na mikwaruzo ambayo chembe sahani huidhania kuwa ni jeraha.

Chembe sahani nazo hubadilika. Kwa mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa, huwa na wepesi wa kuamka na kushikamana hata pasipo na sababu ya kutosha.

Jambo la tatu ni kwamba mwili wa mgonjwa wa kisukari, hasa cha aina ya pili kinachoambatana na unene, hutengeneza kwa wingi protini inayozuia mabonge yasiyeyuke. Aidha, nyuzi za fibrini zilizoshikwa na sukari hufuma wavu mzito zaidi ambao mwili huchukua muda mrefu kuufumua.

Kwa hiyo, kabla kirusi chochote hakijabisha hodi, damu ya mgonjwa huyo huwa tayari imeegemea upande wa kuganda. Mambo yote hayo hutokea bila maumivu, mhusika akiendelea kwenda kazini, kupanda daladala na kurudi nyumbani kama kawaida.

Kirusi kinapoingia

Kirusi cha UVIKO-19 huingia katika seli za binadamu kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo ACE2. Protini hiyo imo kwenye mapafu, lakini imo pia kwenye figo, moyo, utumbo na katika utando wa ndani wa mishipa ya damu.

Aprili 2020, madaktari wa Zurich, Uswisi, walieleza katika jarida la kitabibu la The Lancet kuwa walikuta dalili za kirusi na uharibifu katika utando wa mishipa ya wagonjwa wa ugonjwa huo. Ikaanza kueleweka kwamba mapafu yalikuwa mlango tu, na mapambano makubwa yalikuwa ndani ya mishipa.

Kinga ya mwili nayo huongeza moto. Inapopambana na kirusi kwa nguvu kupita kiasi, humwaga katika damu kemikali nyingi zinazouchubua utando wa mishipa na kuuamsha mfumo mzima wa kugandisha damu.

Mwezi huohuo wa Aprili, watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa ya wagonjwa 184 wa UVIKO-19 waliokuwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Asilimia 31 kati yao walipata madhara ya damu kuganda, ingawa wote walikuwa wakipewa dawa za kinga dhidi ya hali hiyo.

Mjini Hamburg, Ujerumani, madaktari walichunguza maiti 12 za watu waliofariki kwa ugonjwa huo. Saba walikutwa na mabonge katika mishipa mikubwa ya miguu, ilhali hakuna aliyekuwa ameshukiwa kuwa nayo wakati wa uhai wake. Katika wanne, bonge lililosafiri hadi kwenye mapafu ndilo lililokuwa sababu ya moja kwa moja ya kifo.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa Mei 2020, ulilinganisha mapafu ya watu saba waliouawa na UVIKO-19 na ya watu saba waliouawa na homa kali ya mafua. Mabonge madogo katika mishipa myembamba ya mapafu yalionekana mara tisa zaidi kwa waliokufa kwa UVIKO-19.

Homa ya mafua na magonjwa mengine makali ya virusi pia huongeza uwezekano wa damu kuganda. Lakini UVIKO-19 ulilifanya jambo hilo kwa kiwango ambacho madaktari wengi hawakuwa wamekishuhudia kabla yake.

Mgonjwa wa kisukari aliingia katika vita hiyo akiwa na utando uliochakaa, chembe sahani zenye hamaki na wavu mgumu kufumuka. Watafiti wa Wuhan waliolinganisha damu za wagonjwa mapema mwaka 2020 walikuta kwamba kipimo kinachoonyesha mabaki ya damu iliyoganda kilikuwa juu zaidi kwa wenye kisukari kuliko kwa wasio nacho.

Homa, kutapika na kukosa hamu ya kula na kunywa humkausha maji mgonjwa, na sukari ikipanda humfanya akojoe zaidi na kukauka zaidi. Damu hupungua majimaji na, kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, hutembea polepole. Hapo sababu ya tatu ya Virchow hutimia.

Takwimu zinasema nini?

Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 19 za jimbo la Hubei, China, ulifuatilia wagonjwa 7,337 wa UVIKO-19, wakiwamo 952 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliofariki kati ya wenye kisukari walikuwa asilimia 7.8, na kati ya wasio nacho asilimia 2.7.

Lililowashtua wengi ni ulinganisho wa pili. Wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao ilibaki kati ya 3.9 na 10.0 wakiwa hospitalini walifariki kwa kiwango cha asilimia 1.1 tu. Wale ambao sukari yao ilipanda kupita kiwango hicho walifariki kwa asilimia 11.0.

Nchini Uingereza, uchambuzi wa vifo vya hospitalini vya England kati ya Machi na Mei 2020 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya waliofariki kwa UVIKO-19 walikuwa na kisukari. Uchambuzi mwingine wa nchi hiyo ulibaini kuwa hatari iliongezeka kadiri wastani wa sukari wa mgonjwa ulivyokuwa juu kabla ya kuugua.

Hata hivyo, picha si rahisi kama inavyoweza kuonekana. Utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa 1,317 wa kisukari haukuona uhusiano kati ya wastani wa sukari wa miezi ya nyuma na hali ya mgonjwa kuwa mbaya katika siku saba za kwanza. Ulichokiona ni kwamba waliokuwa tayari wamepata madhara ya kisukari kwenye mishipa ya macho, figo, moyo au miguu walikuwa katika hatari zaidi ya kufa.

Aidha, matokeo ya Hubei yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ugonjwa mkali wenyewe hupandisha sukari, kwa hiyo si kila sukari iliyopanda ilikuwa chanzo cha kifo. Nyingine ilikuwa dalili tu kwamba mgonjwa yu hoi.

Lakini tafiti hizo zikiwekwa pamoja, zinaelekea upande mmoja. Kinachoamua sana hatima ya mgonjwa wa kisukari mbele ya kirusi ni hali ya mishipa yake, na mishipa hiyo huharibiwa au kulindwa miaka mingi kabla kirusi hakijafika. Udhibiti wa sukari wakati wa kuugua nao una nafasi yake.

Dawa yenye makali kuwili

Tiba yenyewe ilileta mtihani wa aina yake. Juni 2020, jaribio kubwa la Uingereza lijulikanalo kama RECOVERY lilitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwapo kwa miongo mingi, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni.

Dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi duniani. Lakini ina tabia moja inayojulikana kwa kila daktari: hupandisha sukari. Mgonjwa wa kisukari aliyeihitaji ili kutuliza kinga iliyopandwa na hasira alilazimika kufuatiliwa sukari yake kwa karibu, na mara nyingi kuongezewa insulini.

Kwa wasiohitaji oksijeni, jaribio hilo halikuonyesha faida yoyote ya dawa hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari aliyejinunulia deksamethasoni katika duka la dawa kwa homa ya kawaida, kwa kusikia tu kwamba inatibu UVIKO-19, alijipandishia sukari bila kupata kinga yoyote.

Kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, matokeo yaliwashangaza hata wataalamu. Majaribio ya pamoja ya nchi kadhaa yaliyochapishwa Agosti 2021 yalionyesha kuwa dozi kamili ya heparini iliwasaidia wagonjwa waliolazwa lakini ambao hawakuwa mahututi. Kwa waliokwisha kuwa mahututi, dozi hiyohiyo haikuwasaidia kuliko ile ndogo ya kinga.

Hiyo ina maana kwamba wakati ndio ulioamua. Kabla mabonge hayajajaa kwenye mishipa myembamba, heparini ilikuwa na kazi ya kufanya. Baada ya hapo, kuongeza dozi kulileta hatari ya kutoka damu bila kuongeza uhai.

Aspirini, ambayo wengi huiamini kwa kulainisha damu, nayo ilijaribiwa. Katika jaribio la RECOVERY, wagonjwa wapatao 15,000 walihusishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo. Mabonge yalipungua kidogo, lakini matukio ya kutoka damu kwa wingi yaliongezeka kidogo vilevile.

Hofu iliyoelekezwa kusiko

Wananchi wengi wa mijini walilisikia neno "kuganda kwa damu" kwa mara ya kwanza si kuhusu ugonjwa, bali kuhusu chanjo. Aprili 2021, Marekani ilisitisha kwa siku kadhaa matumizi ya chanjo ya Janssen baada ya kuripotiwa matukio sita ya aina adimu ya damu kuganda, katika dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokwisha kutolewa.

Chanjo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutumika Tanzania Bara, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua utoaji wake Julai 28, 2021, jijini Dar es Salaam. Dozi zaidi ya milioni moja zilikuwa zimewasili siku chache kabla. Wakati huo hofu ya damu kuganda ilikuwa imekwisha kutangulia kwenye simu na vijiwe.

Madhara hayo yalikuwa ya kweli, ingawa adimu, na nchi kadhaa zilibadili miongozo yao kwa sababu hiyo. Lakini mizani ya hatari ilikuwa upande gani?

Utafiti wa England uliochapishwa Agosti 2021, ukihusisha zaidi ya watu milioni 29 waliochanjwa, ulitoa makadirio. Chanjo ya AstraZeneca ilihusishwa na matukio 66 ya ziada ya damu kuganda kwenye mishipa ya vena katika kila watu milioni 10. Kupata ugonjwa wenyewe kulihusishwa na matukio ya ziada 12,614 katika idadi hiyohiyo.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa Aprili 2022, uliofuatilia zaidi ya watu milioni moja waliougua, ulibaini kuwa hatari ya mabonge ya miguuni ilibaki juu kwa miezi mitatu baada ya kuambukizwa, na ya mabonge ya mapafu kwa miezi sita. Waliougua kwa kiasi kidogo tu nao walikuwa na hatari iliyoongezeka.

Kwa maneno mengine, mgonjwa wa kisukari aliyekimbia chanjo kwa kuogopa damu kuganda alikimbilia palepale penye hatari hiyo, tena iliyo kubwa zaidi.

Hali ilivyo mijini

Tanzania ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 Machi 16, 2020. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, Serikali iliacha kutoa takwimu za kila siku, hali iliyoendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho, mjadala mkubwa mitaani ulikuwa juu ya kujifukiza na tiba za asili, na nafasi ya kuwaeleza watu wenye kisukari hatari iliyokuwa mahsusi kwao ilikuwa finyu.

Katika Afrika nzima, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanao. Mtu wa aina hiyo hawezi kujihesabu miongoni mwa walio katika hatari. Hata daktari anayempokea akiwa na homa hawezi kumhesabu, iwapo hakumpima sukari.

Lipo pia tatizo la mishipa ya fahamu. Mgonjwa aliyekaa na kisukari miaka mingi anaweza kupoteza hisia miguuni, na wengine hupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua. Dalili ambayo ingemkimbiza mtu mwingine hospitalini usiku wa manane, yeye huiona kama uchovu wa kawaida.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, kuna jambo jingine la kuzingatia. Homa si ya kirusi kimoja. Jiji hilo lilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na dengi, kinyume na UVIKO-19, hupunguza chembe sahani na inaweza kumfanya mgonjwa atoke damu. Aspirini katika dengi ni hatari, na hairuhusiwi kitaalamu.

Hivyo mtu anayepata homa na kuamua kumeza aspirini "ili damu isigande", bila kupimwa, anacheza kamari na maisha yake. Anaweza kuwa anajikinga na adui asiyekuwapo huku akimfungulia mlango aliyekwisha kufika.

Kwa upande wa vifaa, hatua zimepigwa. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wa Sh1.3 trilioni, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika ununuzi wa vifaa vya hospitali, zikiwamo mashine za CT-Scan, ambazo ndizo huweza kumwonyesha daktari bonge lililoziba mshipa wa mapafu au wa ubongo.

Lakini mashine huonyesha bonge lililokwisha kujengeka. Kinachozuia lisijengeke ni kipimo cha sukari cha dakika moja, dawa zisizokatika na kliniki ambayo mgonjwa anaifikia bila kuuza alichonacho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, itapimwa na wananchi kwa mambo madogo kama hayo kuliko kwa ukubwa wa majengo.

Nini kifanyike?

Somo la kwanza ni kwa vituo vya afya. Mtu mzima anayefika na homa kali au shida ya kupumua hastahili kuondoka bila kupimwa sukari. Kipimo hicho ni cha tone moja la damu ya kidole, na kinaweza kubadili tiba nzima, kuanzia dozi ya deksamethasoni hadi uamuzi wa kumwanzishia heparini mapema.

La pili ni kwa wagonjwa wenyewe. Miongozo ya tiba ya kisukari inasisitiza kuwa anayetumia insulini asiiache kwa sababu tu ameshindwa kula. Maambukizi hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Anatakiwa kupima sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kunywa maji ya kutosha, na kuwasiliana na daktari wake mapema, kwani baadhi ya vidonge vya kisukari huhitaji kusimamishwa kwa muda pale mgonjwa anapokaukiwa maji.

La tatu ni dalili ambazo familia nzima inapaswa kuzijua: mguu mmoja kuvimba au kuuma kuliko mwingine, kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, au kidole cha mguu kuwa cha baridi na kubadilika rangi. Kwa mwenye kisukari, dalili hizo hazisubiri kupambazuke, hata kama ni wiki kadhaa tangu homa ilipokwisha.

La nne linawahusu watunga sera. Kwa miaka mingi magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza yamepangiwa bajeti, idara na kampeni tofauti, kana kwamba humpata mtu mmoja mmoja kwa zamu. UVIKO-19 ulionyesha kuwa hukutana katika mwili mmoja, na yanapokutana huua kwa kasi kuliko kila moja likiwa peke yake.

Fedha zinazotumika kununua vipimo vya sukari na insulini kwa zahanati si matumizi ya kisukari peke yake. Ni sehemu ya maandalizi dhidi ya mlipuko ujao wa kirusi, sawa na barakoa, oksijeni na chanjo.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa kisukari, ufa huo umo katika kuta za mishipa yake, na siku ya kuuziba ni ile ambayo bado hana homa.